Mwanangu, uliniuliza Sadhana aliishia wapi

Mkomani, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Huku hatujambo, kusi imeanza kuvuma na usiku tunajifunika leso mbili.

Juzi uliponipigia simu uliniuliza jambo nikakujibu kwa mkato, samaki alikuwa jikoni na mafuta yameshika moto. Uliniambia umeona picha ya zamani ya mwanamke wa Kihindi mwenye nywele fupi zilizoshuka kwenye paji la uso, ukasema, "Mama, si ndiye huyu mliyekuwa mkimwiga na khalati? Aliishia wapi?" Nikakwambia amekufa. Nilipokata simu nikaona sikukujibu. Kufa wamekufa wengi. Wewe ulitaka kujua aliishia wapi, na hilo ni swali jingine, nami limenikaa kifuani wiki nzima. Ndiyo maana naandika.

Mimi na khalati yako tulimwona Sadhana, yule mwigizaji wa picha za Kihindi, kwenye pazia la sinema Mombasa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, khalati yako kumi na minne. Tulikuwa tumekwenda kwa mjomba, Mji wa Kale, na safari ilikuwa ya kutwa nzima: mashua hadi Mokowe, basi, feri ya Mto Tana pale Garsen, kisha feri nyingine Kilifi. Daraja la Kilifi lilikuja kufunguliwa 1991, wewe ukiwa mtoto wa miaka mitano, huenda unakumbuka. Mke wa mjomba akatupeleka zanana. Wewe hukuikuta zanana. Lilikuwa onyesho la mchana la wanawake peke yao, ukumbi mzima umejaa mabuibui meusi, na taa zikizimwa tu kila mtu anateremsha ushungi, watoto wanalia, bajia zinapitishwa mkono kwa mkono, asumini inanukia mpaka unahisi uko harusini. Kihindi hatukukijua, lakini nyimbo tulikuwa tunazijua kabla ya kuingia, kwa sababu kina Juma Bhalo, waimbaji wetu wa taarabu, walikuwa wameshatutilia maneno yetu kwenye mahadhi yale. Picha ikifika pa kulia, ukumbi mzima unalia. Sijapata kulia na watu wengi hivyo tena, isipokuwa msibani.

Tuliporudi Lamu khalati yako alichukua mkasi wa kushonea wa bibi yako, akasimama mbele ya kioo cha kabati, akajikata nywele za mbele. Bibi yako alimchapa kwa fagio. Kisha, baada ya kumchapa, akamketisha kwenye mkeka akamsawazisha, kwa kuwa upande mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine.

Hatukujua kwamba nywele zile zilikuwa za kuficha. Mjukuu wangu amenisomea kwenye simu yake. Kwenye picha ya 1960 iliyomtoa, mwelekezi wake, R. K. Nayyar, aliona paji la uso la Sadhana ni pana mno, akaamuru nywele zikatwe zilifunike. Basi Bara Hindi nzima wasichana wakataka nywele za Sadhana, na khalati yako naye huku kisiwani. Mwelekezi huyohuyo ndiye aliyekuja kumwoa, 1966. Na Sadhana mwenyewe hakuwa mtu wa Bombay kwa asili. Alizaliwa Karachi 1941, wakahama nchi ilipogawanywa kuwa India na Pakistan, akiwa mdogo.

Sasa hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Alipokuwa juu kabisa, akapata ugonjwa wa tezi ya shingo, ule unaofanya macho yatokeze. Macho yale! Ndiyo yaliyokuwa yakitutoa machozi. Akaenda kutibiwa Marekani, akarudi, akaigiza tena, akaongoza hata picha moja mwenyewe, 1974, kisha akaondoka. Tangu hapo hakutaka kupigwa picha. Alisema anapenda watu wamkumbuke kama walivyomwona kwenye pazia. Mumewe alikufa 1995, na watoto hawakujaliwa. Akaishi hivyo, mlango umefungwa, miaka na miaka.

Watu wanapomsimulia wanasema "aliishia mpweke", wanamwonea huruma. Mimi simwonei huruma kwa hilo. Sisi tumelelewa na neno sitara, tunalijua lina uzito gani. Mwanamke aliyetazamwa na mamilioni ana haki ya kusema sasa basi, na akisema basi, si kwamba amekufa wala ameaibika. Amejisitiri. Bibi yako alipopooza uso hakutoka barazani miezi minane, na hakuna mtu wa mtaa huu aliyesema bibi yako ameishia vibaya, kwa sababu kila alasiri wenzake walikuwa wakipiga hodi na kupanda juu na birika la kahawa.

Na Sadhana alikuwa nao wenzake. Hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote niliyosomewa. Waheeda Rehman, Asha Parekh, Nanda, Helen, wote hao tuliowaona wakigombea mwanamume mmoja kwenye picha, uzeeni walikuwa mashoga, yaani marafiki wa kike, wakikutana kula chakula cha mchana pamoja. Nanda akafa 2014, Sadhana akafa tarehe 25 Desemba 2015. Mwaka uliotangulia alitoka hadharani mara moja, amevaa sari ya rangi ya waridi, akapanda jukwaani kwa ajili ya wagonjwa wa saratani na ukimwi. Aliufungua mlango mwenyewe, kwa jambo alilolitaka, akaufunga tena. Na 2021 ilisambaa picha ya Waheeda, Asha na Helen wametembea visiwa vya Andaman, wazee watatu wanacheka. Mjukuu wangu aliponionyesha nikamwambia aikuze, nikaitazama mpaka chai ikapoa. Kwenye visiwa, tena! Asha Parekh hakuolewa maisha yake yote, na 2022 wakampa tuzo kubwa kabisa ya sinema ya nchi yao. (Hilo sikuandikii ili kukusukuma wala kukuzuia kuolewa. Nalisema kwa kuwa ni kweli.)

Mumtaz unamjua, yule mwigizaji mwenye pua ya kuinuka. Huyo tulimwita mke wetu. 1974 aliolewa na Mayur Madhvani, wa ile familia ya sukari ya Kakira kule Uganda, miaka miwili baada ya Amin kuwafukuza Wahindi. Siku khabari ilipofika Lamu, mama mmoja hapa Langoni alisema, "Ameolewa Afrika, basi ni wa kwetu," na sisi watoto tukadhani huenda akapita na mashua. Hakupita. Ameishi London, akapata mabinti wawili, akaugua saratani ya titi akapona. Mungu ampe umri.

Madhubala alikufa 1969, miaka thelathini na sita, alizaliwa na tundu moyoni. Meena Kumari, picha yake iliyotengenezwa kwa zaidi ya miaka kumi ilitoka Februari 1972, na tarehe 31 Machi ini likamwua. Hao walikuwa wa bibi yako zaidi kuliko wangu, alikuwa akiwatajia rehema kama jamaa zake. Mjukuu wangu alisoma kwamba kaburi la Madhubala lilivunjwa 2010 kupisha maiti wengine, akashtuka sana kijana wa watu. Nikamwambia ardhi ya makaburi ni ya wote, hata sisi tutapishana.

Lakini yuko mmoja ambaye tangu nimesikia habari zake sijalala vizuri. Parveen Babi.

Huyu hukumwona sinema, ulimwona kwa deki. Wewe ukiwa mchanga, jirani yetu alikuwa na video, nasi wanawake tulikuwa tukijikusanya kwake Alhamisi, nakunyonyesha huku natazama. Parveen alikuwa mrefu, mwembamba, nywele wazi mgongoni. Mwislamu, wa nyumba ya kitawala ya Junagadh kule Bara Hindi, mtoto pekee wa wazazi wake. Baadhi ya wenzangu hawakumpenda, walisema anavaa uchi. Mimi nilimpenda. Alikuwa akitembea kama mtu asiyeomba ruhusa.

Mwaka 1983 akatoweka katikati ya kazi. Maradhi ya akili yalimshika, akawa na hofu ya watu, akituhumu hata wakubwa kwamba wanataka kumwua. Akazunguka ng'ambo, akarudi Bombay akiwa amebadilika hata watu hawamtambui. Mama yake akafa. Akabaki peke yake kwenye nyumba ya ghorofani, Juhu, ana kisukari. Januari 2005 majirani waliona maziwa na magazeti yamekaa mlangoni pake kwa siku, hakuna anayeyatoa. Ndipo polisi wakaitwa, mlango ukafunguliwa, akakutwa ameshakufa. Hakuwa amefika miaka sitini. Jamaa zake wakaja wakamzika Kiislamu.

Maziwa, mwanangu. Siku ya kwanza mtu aliyapita. Siku ya pili mtu aliyapita.

Hapa kwetu ukichelewa kufungua dirisha la juu, saa nne asubuhi mtu yuko darini anauliza una nini. Wewe ulikuwa ukilikimbia hilo, ulisema Lamu hupigi chafya bila mtaa mzima kukuombea. Sikulaumu, nami nilichoka nalo nikiwa kijana. Nairobi unafunga mlango wako na mlango unafungika. Najua unavyoipenda nyumba yako ile, umenionyesha mapazia na mti wako wa kopo. Nami sikuombi urudi.

Lakini nakumbuka mwezi wa Rajabu, simu yako ilipoharibika. Siku mbili nakupigia, naambiwa hupatikani. Siku mbili, na kumbe mimi mama yako sina nambari ya mtu hata mmoja wa jengo lile. Simjui jirani yako wa mkabala. Simjui soja wa getini. Nilikaa kitandani na tasbihi, nikijiambia umelala, umesafiri, una kazi. Ulipopiga siku ya tatu ukacheka, ukaniuliza mbona sauti yangu imekauka, nikakwambia ni mafua. Hayakuwa mafua. Na wakati ule sikuwa nimesikia habari ya maziwa ya Parveen. Sasa nimeisikia.

Sadhana na Parveen wote wawili walifunga mlango. Mmoja alikuwa na mashoga wanaojua siku ya chakula cha mchana, asipofika wataulizana. Mwingine hakuwa na wa kuulizana. Basi ndilo jibu la swali lako, kama nilivyoliona mimi.

Kwa hiyo nina ombi, na sitaki uniambie "sawa Mama" kisha usahau. Kesho ukirudi kazini, piga hodi kwa jirani yako wa mkabala. Inanitia simanzi kwamba umeishi hapo miaka minne hujui jina lake. Mchukulie kitu, kwenye mzigo aliokuja nao kijana wa basi kuna halua ya Lamu na ladu, nimekufungia mafungu mawili, moja ni lake. Mwulize jina, mpe nambari yangu, nawe uniletee yake. Na ya soja pia. Nitawasalimia siku za sikukuu tu, sitawasumbua.

Khalati yako anakusalimu sana. Jana nilimwuliza kama anakumbuka mkasi, akajishika paji la uso.

Ukishapiga hodi, nipigie, hata ikiwa usiku.

Mama yako