Dada yangu, mfungulie mtoto mlango

Dada, shikamoo.

Najua hupendi mambo ya nyumbani yawekwe hadharani, ndio maana sijataja jina lako wala mji, ila kwenye simu nikianza tu kuongea habari za mwanao unayemfungia mlango unakata, na meseji zangu zinabaki na tiki mbili za bluu bila jibu, kwa hiyo naandika hapa, najua wale wadogo watakusomea.

Jumapili usiku nimeangalia muvi moja ya Mexico, ya zamani, haina rangi, inaitwa Los Olvidados, yaani Waliosahauliwa, ya mwaka 1950. Nilikuwa napitisha muda tu. Ilipofika mahali yule mama anamnyima mwanae chakula nikasimamisha, nikaenda kunawa uso, maana nilisikia sauti yako kabisa.

Mtoto anaitwa Pedro. Kashinda mtaani na wenzake, karudi usiku ana njaa, mama anapakulia wale wadogo, yeye anaambiwa hapa halishwi mzururaji. Anakwapua kipande anakimbia nacho. Halafu kuna sehemu anaota, dada, hiyo sitaisahau. Mama yake anaelea polepole na gauni la kulalia, anakuja kitandani anatabasamu, na mtoto anamuuliza mbona juzi hukunipa nyama, basi mama anamletea pande kubwa la nyama mbichi linaning'inia mikononi, na kabla hajalishika mkono unatoka chini ya kitanda unalinyakua. Ni mkono wa Jaibo, yule kijana mkubwa aliyetoroka jela ya watoto, ndiye anamharibu Pedro muvi nzima. Yaani hata ndotoni mtoto hashibi.

Usifikiri nakusema vibaya. Yule mama sio mbaya, na hapo ndipo muvi ilinishika. Anapoitwa ofisini kwa wakubwa anaambiwa wazazi kama wewe ndio wangefungwa, naye anajibu kwamba kutwa yuko kwenye vibarua vya usafi, mume hana, na huyo mtoto alimpata akiwa binti mdogo asiyeweza kujitetea. Sasa mtu kama huyo utampa lawama zote? Wewe unaamka saa kumi usiku kukaanga maandazi, baba wa watoto tunajua alikokwenda, umechoka mpaka mapenzi yamekauka, mimi naliona hilo, na mimi ni mdogo wako niliyekaa mbali nikawa natuma elfu ishirini na pole za kwenye simu.

Aliyeitengeneza ni Luis Buñuel, Mhispania aliyekuwa amekimbia utawala wa dikteta Franco kwao. Kabla ya kushika kamera alizunguka miezi kwenye vitongoji maskini vya Mexico City kavaa nguo chakavu, akasoma na mafaili ya watoto waliokamatwa. Miaka hiyo, chini ya Rais Miguel Alemán, nchi ilikuwa inajisifu kwa maghorofa na barabara mpya, na kweli ukiangalia pale Jaibo anapomuua kijana mwenzao, Julián, kwa kumvizia nyuma na jiwe (kaja na mkono kaufunga tambara kama umevunjika, kumbe jiwe limo humo), nyuma yao kuna jengo kubwa linajengwa, vyuma vitupu vimesimama angani. Jiji linapanda juu na watoto wanauana miguuni pake. Watu walikasirika sana muvi ilipotoka, ikaondolewa kwenye kumbi baada ya siku chache, na wakati wa kuipiga mwanamke aliyekuwa anatengeneza nywele za waigizaji aliacha kazi, akisema hakuna mama wa Mexico anayeweza kumfanyia mwanae vile. Ilipopata tuzo ya uongozaji kwenye tamasha la muvi la Cannes, Ufaransa, mwaka 1951 ndio nyumbani wakaanza kuitazama upya.

Ila kitu kilichonifanya niandike ni hiki. Pedro usiku amesimama nje ya dirisha la duka, peke yake, na bwana mmoja aliyevaa vizuri sana anamsogelea. Kamera iko ndani ya duka, hatusikii kitu, tunaona midomo tu, bwana anaongea, anaonyesha pesa, mtoto anatikisa kichwa, mpaka polisi anatokea ndio bwana anaondoka zake. Dada, mwanao ana miaka kumi na tatu na wiki ya tatu hii analala stendi. Mnasema anabeba mizigo ya abiria. Na usiku mabasi yakiisha? Nani anamsogelea?

Wewe unasema ameshaharibika, amekwapua simu ya mtu, akirudi unamwitia mgambo. Pedro naye alisingiziwa kisu cha mahali alipokuwa anafanya kazi, alikichukua Jaibo, na mama yake mwenyewe ndiye aliyemkabidhi serikalini. Kule alikopelekwa, kwenye shule ya shamba ya kurekebisha watoto, mkuu wa shule alimpa peso 50 akamwambia kaninunulie sigara urudi, geti likafunguliwa, na mtoto akatoka anatabasamu kwa mara ya kwanza kwa sababu kuna mtu mzima kamwamini. Nje Jaibo yuko anamsubiri, akamnyang'anya.

Mwisho Jaibo anamuua Pedro bandani. Wenye banda wanamkuta amekufa humo, wanaogopa polisi, wanamtia kwenye gunia wanampakia juu ya punda usiku. Njiani wanapishana na mama yake. Ametoka kumtafuta, moyo umeshalegea, wanasalimiana usiku mwema, anapita. Mzigo wanakwenda kuutupa jalalani. Kulikuwa na mwisho mwingine uliopigwa pembeni, wa furaha, Pedro anarudi shuleni na hela zake, lakini sio huo watu waliouona ukumbini.

Mimi Ijumaa napanda basi. Nitashuka hapo stendi na sitakuja kwako kwanza, nitamtafuta yeye, nikimpata tutakula kitu, halafu tutakuja wote. Kama ile simu aliichukua kweli nitailipa mimi, mwenye simu mwambie hivyo. Akikataa kuja nitakaa naye hapo hapo mpaka akubali. Wewe usimwambie chochote usiku huo, mpe maji aoge umwekee chakula, mengine tutaongea asubuhi ukishamaliza maandazi.

Mdogo wako.