Krismasi njema watu wetu wa Rosterman

Mulembe ndugu zangu, mama zetu, wazee na vijana, mlioko nyumbani Kakamega na sisi tuliotawanyika Kisumu, Nakuru na kwingineko. Mungu ametufikisha Krismasi nyingine, ni yeye tu.

Mwaka ulikuwa mgumu, sitaficha. Nauli ya Kisumu kuja huko mnajua venye hupanda wiki hii, unga nao, mafuta nayo, na mshahara umesimama palepale. Kila nikipiga hesabu namkumbuka babu, alifanya kazi chini mgodini, na ukimuuliza mbona Rosterman ilifungwa alikuwa anasema dhahabu haikuisha, faida ndio iliisha. Nilidhani ni maneno ya uzee tu mpaka nikasoma. Dhahabu ilipatikana huku 1931, wazungu wakajaa, na Disemba 1932, msimu kama huu huu, serikali ikageuza sheria yake ya 1930 iliyoahidi wenyeji kwamba shamba likichukuliwa watapewa lingine. Rosterman ikaanza kutoa 1935. Sasa bei ya dhahabu ilikuwa imefungwa dola 35 kwa aunsi tangu 1934, vita ikaja ikaisha, kila kitu kikapanda, mashine, mbao, kuvuta maji shimoni, lakini 35 ikabaki 35. 1952 wakafunga wakaenda zao. Kwetu pakabaki jina na mashimo.

Saa hii hakuna aliyefunga bei, Oktoba 2025 ilivuka dola 4,000, na ndio maana vijana wetu wamerudi chini. Siwalaumu, nimeona njaa ya huko. Lakini kaka yangu mkubwa aliingia Aprili asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha na udongo ukaporomoka, na mlikuja wote kuzika, asanteni sana, sikuwahi kuwashukuru vizuri.

Kwa hivyo nisikieni jamani. Mvua ikinyesha msiingie. Shimo lisilo na mbao msiingie, hata mwenye shimo akisema nini. Zebaki ya kunasia dhahabu msichomee jikoni, ule moshi unavutwa na mtoto aliyelala hapo kando. Na wazazi wenzangu, mtoto wa shule akikuletea elfu moja muulize imetoka wapi kabla hujaenda nayo dukani. Mamajusi walileta dhahabu kwa Mtoto, ni kweli, lakini Yusufu alipoambiwa kuna hatari hakukaa kuihesabu, aliamka usiku uleule akabeba mtoto na mamake wakakimbia Misri. Mtoto kwanza, dhahabu baadaye, na sisi tumegeuza!

Nawatakia nyote Krismasi njema na heri ya mwaka mpya 2026, wagonjwa wapone, wasafiri wafike salama.

Tangu baba aende, kaka ndiye alikuwa anapewa imondo, ile firigisi ya kuku ya mwenye boma. Jana mama amepiga simu kuuliza nitafika lini, akanyamaza kidogo, akasema mwaka huu ni yangu. Nimemwambia tarehe 24 jioni, asifunge mlango.