Ule ufa wenu umeniharibia biashara ya kiwanja

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia hata mara moja, lakini ile habari ya juzi ya Afrika kupasuka vipande viwili na bahari mpya kuingia imenishinda kunyamaza. Kwanza hiyo picha. Ule ufa uliokata barabara ni wa Machi 2018, kule Suswa, njia ya Mai Mahiu kwenda Narok nchini Kenya, tumeshauona mpaka tumeuchoka, na wajiolojia wengi walishasema kazi kubwa pale ilifanywa na mvua: ardhi ya kule ni majivu ya volkano, laini, maji yakapita chini kwa chini yakayabeba, juu pakaporomoka. Nyie mmeiweka kama vile imepigwa jana.

Sasa sikilizeni yaliyonipata. Nina kiwanja nje kidogo ya mji hapa Bukoba, nakiuza nilipe ada za watoto. Mnunuzi kapatikana, dalali keshakunywa soda yangu, bei tumekubaliana, imebaki kwenda serikali ya mtaa kuandikishana. Asubuhi jamaa anakuja na simu mkononi ananionyesha ramani yenu, "Mzee, huu mstari si unapita hapahapa kwako?" Na kweli, mchoraji wenu sijui alikuwa na haraka gani, kavuta mstari mmoja tu toka Ethiopia mpaka Msumbiji ukapita katikati ya Ziwa Victoria! Jamaa akataka nishushe bei karibu nusu, eti ananisaidia kabla maji hayajafika. Dalali naye badala ya kunitetea anasema kiwanja cha ufukweni kina bei nzuri, ila mpaka hiyo bahari ije.

Mhariri, Bonde la Ufa huku kwetu lina mikono miwili. Wa mashariki unashuka toka Afar kule Ethiopia, Turkana, Naivasha, Natron mpaka Manyara, wa magharibi unapita ziwa Albert, Kivu, Tanganyika na kuelekea Nyasa. Sisi wa Bukoba na Mwanza tuko katikati, kwenye bamba dogo, yaani kipande cha gamba la dunia kinachosogea, ambalo wataalamu wanaliita la Victoria, na lenyewe linajizungusha polepole kinyume cha mshale wa saa. Angalieni hata maziwa yenyewe: Tanganyika iliyo ndani ya ufa ina kina cha mita 1,470, Victoria haifiki hata 100. Halafu hiyo kasi! Bamba la Somalia, la upande wa mashariki, linaachana na la Nubia, lililobeba sehemu kubwa ya Afrika, kwa milimita kama 7 hivi kwa mwaka, tena huko Ethiopia, ukishuka kusini inapungua. Unene wa penseli, mwaka mzima. Bahari yenu ni habari ya mamilioni ya miaka. Na aliyewaambia mabara yanaelea juu ya bahari ya lava mumuulize vizuri, maana chini ya gamba la dunia sehemu kubwa ni mwamba mgumu kabisa, unasogea kwa ajili ya joto lakini taratibu mno.

Kinachoniuma hasa ni hiki. Hizo milimita mara nyingi hazitoki kidogokidogo, miamba inakabana, inajikaza miaka na miaka halafu siku moja inaachia. Afar mwaka 2005 ardhi ilifunguka urefu wa kilomita kama 60, mahali pengine upana mpaka mita 8, kwa muda mfupi tu, magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikajaa humo. Hata sisi wa katikati hatukusalimika, tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri, mtetemeko wenye ukubwa wa 5.9, watu zaidi ya 15 wakafa na maelfu ya nyumba yakaanguka au kupasuka, na wale watu hawakumezwa na ufa wala bahari jamani, ni majengo yaliwaangukia! Njooni leo mtaani kwangu muone, nyumba za tofali zilizounganishwa kwa udongo, linta hakuna, nondo kwenye kona hakuna, nyufa za 2016 zimezibwa kwa plasta zikapakwa rangi na mpangaji kaingizwa, jirani yangu mmoja kaongeza ghorofa juu ya msingi uleule uliopasuka na watu wanampongeza kwa maendeleo. Hiyo nani kaiandika? Waandishi walikuja wakati wa mabati ya msaada, wakubwa wakapigwa picha wakikabidhi, basi, wakapanda gari wakaondoka, na tangu hapo tunaandikiwa habari za bahari.

Ombi langu ni dogo. Siku mkiitumia tena ile picha ya Suswa, wekeni pembeni yake kamstari ka milimita 7, kapimwe kwa rula, chini yake mwandike "huu ndio mwendo wa mwaka mzima". Nusu ukurasa inayobaki mpeni fundi yeyote anayejua kazi aeleze linta inafungwaje na nondo zinakaaje kwenye kona. Nafasi ikikosekana punguzeni ule ukurasa wa nyota.

Msomaji wenu,
Bukoba