Mkopo wa chuo uanze kufundishwa kutoka kwa anayeukusanya

Mhariri,

Darasa la uchumi wa elimu hupenda kubishana nani alipie shahada, mwanafunzi au mlipakodi. Jinsi fedha zinavyorudi huachwa hadi dakika za mwisho, ilhali hapo ndipo mipango mizuri inapofia.

Kazi ya Bruce Chapman, mchumi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, yafaa ifundishwe hatua kwa hatua. Ndiye msanifu wa HECS, mpango wa mkopo wa ada wa mwaka 1989, Australia iliporudisha ada ilizokuwa imezifuta mwaka 1974. Deni lilikuwa dola 1,800 za Australia kwa mwaka wa masomo, na mwanafunzi hakulazimika kutoa hata senti siku ya kujiandikisha. Alianza kurejesha mapato yake yalipofika kiwango kilichowekwa, na mkusanyaji alikuwa ofisi ya kodi, kupitia mshahara. Aliyekosa kazi mwaka huo hakutozwa chochote.

Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kilijaribu jambo la aina hiyo mwaka 1971, likakwama. Chuo hakikuwa na mkono wa mtoza kodi, na kundi zima la wakopaji lilifungwa kamba moja: mmoja akikwepa, mzigo unawaangukia wenzake. Wenye vipato vikubwa waliruhusiwa kulipa na kujitoa mapema. Wakabaki wanyonge na deni la pamoja.

HECS nayo imekuwa na mitego yake. Hadi katikati ya 2025, asilimia ya marejesho ilitozwa kwenye mapato yote. Kwa mwaka wa fedha 2024–25, mwenye mapato ya dola 54,434 hakulipa kitu. Akiongezewa dola moja, alitozwa asilimia 1 ya zote, yaani dola 544. Nyongeza ya mshahara ikageuka hasara! Kanuni ilibadilishwa Julai 2025: kwa mwaka wa fedha 2025–26, zilitozwa senti 15 kwa kila dola inayozidi 67,000, na zaidi ya hapo baada ya 125,000. Marekebisho haya yalistahili kuja mapema zaidi.

Mtego mwingine ulikuwa kalenda. Deni lilipandishwa kufuata mfumuko wa bei tarehe 1 Juni, lakini makato ya mwaka mzima hayakulipunguza mpaka hesabu ya kodi ifanywe baada ya 30 Juni. Mwaka 2023 deni lilipanda kwa asilimia 7.1, zikiwemo fedha ambazo mdaiwa alikwisha kukatwa. Baadaye sheria ilirudi nyuma ikaishusha nyongeza hiyo hadi 3.2.

Wahadhiri wenzangu, wapeni wanafunzi hati mbili za mapato, ya dola 54,434 na ya 54,435. Wakokotoe kinachobaki mkononi kwa kanuni ya zamani, kisha kwa ya sasa, na wachore mistari yote miwili kwenye grafu moja. Kipindi kimoja kinatosha.

Mhadhiri wa uchumi wa elimu