Mjomba, Mwalimu naye alikuwa na hesabu zake

Shikamoo mjomba. Ile voisi yako ya juzi kwenye grupu la familia nimeisikiliza yote, dakika saba, unalalamika eti enzi za Mwalimu Nyerere nchi ilikuwa na utu, mkimbizi anapokelewa anapewa shamba, siku hizi watu roho zimekuwa ngumu. Sikutaka kukujibu pale mbele ya wajukuu zako ndo maana naandika huku.

Kupokea alipokea, sibishi, na ile medali ya Nansen ya 1983, ya UN kwa wanaosaidia wakimbizi, hakuiokota. Lakini Warundi waliokimbia mauaji kwao 1972 walipelekwa wapi? Ulyankulu, Katumba, baadaye Mishamo, pori la mbung'o ambalo serikali ilikuwa inataka watu wa kulifyeka, wakafyeka, wakalima mahindi na tumbaku mpaka wakawa wanauza, na kutoka nje ya makazi lazima uwe na kibali. Sheria yenyewe ya 1966 ilikuwa ya kudhibiti wakimbizi, neno kudhibiti limekaa pale pale kwenye jina. Halafu Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, ofisi iko Dar, FRELIMO wapigania uhuru wa Msumbiji wako Nachingwea, sasa ungemfungia jirani mlango halafu ukahutubie Afrika nini? Na chama kilikuwa kimoja, nani angepiga kelele.

Kelele zilikuja na vyama vingi. Aprili 1994 pale Rusumo, mpakani na Rwanda, walivuka wakimbizi kama 250,000 ndani ya siku moja, mwaka uliofuata Machi 31 mpaka wa Burundi ukafungwa, Oktoba tukapiga kura. Na wewe mjomba uligombea ubunge usijifanye umesahau, ulipanda kwenye pikapu ukasema kuni zimeisha, majambazi wanatoka kambini, na ukashangiliwa kweli kweli. Mimi nilikuwa mdogo nimekaa kwenye bega la baba, nikashangilia pia.

Wale wa 1972 uraia wakakubaliwa, zaidi ya 160,000, ila vyeti wakazungushwa miaka mpaka Oktoba 2014, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi. Mbili jumlisha mbili, ni kura. 2018 Magufuli akatutoa kwenye ule mpango wa UN wa kuwasaidia wakimbizi na nchi zinazowapokea, hela hazitoshi na bado tunaambiwa tukope Benki ya Dunia, na hilo la mkopo niseme tu ukweli hata mimi lilinichoma, dunia tajiri inatusifia ukarimu halafu bili tulipe sisi.

Tatizo hizo siasa zikianza hazichagui. Mimi Muha wa Kasulu, nimeenda kuomba kitambulisho kwenye ofisi moja naulizwa babu alizikwa wapi na mbona lafudhi yako ya kule ng'ambo. Kiha na Kirundi vinasikilizana sasa nifanyeje, nibadilishe ulimi?

Halafu mjomba shamba lako la bondeni lililimwa na nani miaka yote ile? Yule baba mkimbizi wa Kirundi wa kambi ya Mtabila, kutwa nzima na jembe kwa sahani ya mihogo na hela ya sabuni, na bado ukisimama kwenye pikapu unamwita mzigo. Mwishoni mwa 2012 kambi inafungwa alikuachia baiskeli yake, akasema ataifuata. Bado ipo? Nijibu kwa kuandika tafadhali, voisi zako zinanimalizia bando.