Dohani ya Jiko Lako la Kabale

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Jinja. Sisi sote hatujambo, na mama yako anasema blanketi uliloomba atalituma kwa basi la Ijumaa. Nimesoma maelezo yako kuhusu nyumba uliyopanga huko Kabale, kwamba jiko la chuma lililomo linarudisha moshi chumbani kila asubuhi, na kwamba mwenye nyumba amekushauri uachane nalo uwe unaingiza sigiri ndani nyakati za baridi. Ushauri huo usiufuate hata siku moja. Moshi unakukera kwa sababu unauona na unakuwasha macho, lakini mkaa uliokwisha kukolea kwenye sigiri hautoi moshi wa kukushtua, ilhali unatoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, mtu akadhani malaria inamnyemelea, akajilaza kidogo, na asiamke tena. Wewe ni muuguzi na unayajua haya kuliko mimi. Ila baridi ya usiku huwasahaulisha hata wajuzi.

Jiko lako si bovu. Kwa jinsi ulivyolieleza, lenye wavu mzito wa chuma na droo ya majivu chini yake, liliundwa kwa ajili ya makaa ya mawe, ambayo kwetu si rahisi kuyapata sokoni. Mkaa wetu wa kawaida unalifaa vizuri, kwa kuwa nao hupenda hewa ipite chini ya wavu na kupanda katikati ya makaa. Kinachokusumbua ni mvuto wa dohani, yaani bomba la kutolea moshi. Hewa ya moto ni nyepesi kuliko ya baridi, kwa hiyo hupanda, na inapopanda huvuta hewa nyingine kuingia ndani ya jiko. Kadiri bomba linavyokuwa refu na lenye joto, ndivyo linavyovuta zaidi. Asubuhi bomba lako limejaa hewa nzito ya baridi iliyolala humo usiku kucha, na moto mchanga hauna nguvu ya kuisukuma. Kabla ya kuwasha makaa, fungua kilango cha kusafishia kilicho chini ya bomba, choma humo karatasi moja au mbili za gazeti, kisha ukifunge upesi. Ukisikia bomba linavuma, washa jiko.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hawalizingatii. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ina takribani asilimia 80 tu ya uzito wake wa pwani. Hewa nyepesi huvuta kwa udhaifu, kwa hiyo dohani inayotosha Mombasa huenda ikawa fupi mno kwako. Ncha ya bomba inapaswa kupita bati kwa sentimita 90 angalau pale linapotokea, na iwe juu kwa sentimita 60 kuliko sehemu yoyote ya paa iliyo ndani ya mita tatu kutoka hapo. Umesema nyumba iko chini ya mlima. Basi upepo unaoshuka mlimani unaweza kuukandamiza moshi urudi ndani, na kofia nzuri ya bati juu ya bomba itapunguza adha hiyo, mradi isikae chini sana ikaziba njia.

Halafu uangalie chumba chenyewe. Watu wa baridi huziba kila ufa kwa matambara, kisha wakashangaa jiko linakohoa. Hewa isipoingia, moshi hautoki. Dirisha moja libaki wazi kidogo. Ukitaka kupima, washa kijiti cha udi, ukishike mbele ya mlango wa jiko likiwa linawaka: uzi wa moshi ukiinama kuelekea ndani ya jiko, dohani inavuta, ukielea au ukikugeukia wewe, zima jiko na ufungue milango.

Kuhusu usafi, mwite fundi kabla ya miezi ya baridi kali, Juni na Julai, ateremshe brashi ya waya kutoka juu, huku gunia likiwa limefungwa chini. Sehemu ya kumsimamia ni kiwiko cha bomba na kipande kinacholala, kwa sababu majivu mepesi hutua hapo na kuziba kimyakimya. Ukitumia kuni za mkaratusi zisizokauka, masizi huwa ya kunata kama lami na yanaweza kushika moto ndani ya bomba. Baadaye weka kioo kidogo kwenye kilango cha chini ukitazame: usipoona mwanga wa mbingu, huenda ndege amejenga kiota. Pia fundi agonge bomba kwa vidole. Palipoliwa na kutu husikika pamefifia. Umbali wa bomba hadi mbao za paa na dari ya mafunjo uwe sentimita 45, la sivyo pawekwe kinga ya bati.

Majivu yatie kwenye debe la chuma lenye kifuniko, nje, juu ya udongo, kamwe si kwenye ndoo ya plastiki, kwani kaa moja lililofunikwa na majivu huweza kuishi siku kadhaa.

Usiku usikifunge kikazibika kilango cha dohani, kile cha kupunguzia mvuto ndani ya bomba, ili kubana mkaa, ijapokuwa najua bei yake imepanda. Miali ya buluu unayoiona ikicheza juu ya makaa ni gesi ile ile ya sumu ikiungua. Ukiinyima hewa na njia ya kutokea, haiungui tena, inajaa chumbani. Acha moto ufe kabla hujalala, ujifunike mablanketi mawili.

Nipimie urefu wa bomba kutoka kwenye jiko hadi kofia, na upana wake, kisha unipigie picha ya paa ukiwa umesimama upande wa mlimani. Nikishavipata nitajua vipande vingapi vya kuongeza, nitavikata hapa na kuvituma pamoja na blanketi.

Baba yako