Barua ya wazi kwa Afisa wa Misitu wa wilaya yetu: makaa bado yanapita usiku

YAH: UKATAJI WA MITI KARAMOJA KUSINI, KASKAZINI MASHARIKI MWA UGANDA

Mheshimiwa Afisa,

Salaam sana. Natumaini u mzima, na kwamba ule mkutano wa mazingira wa hotelini ulikwenda vizuri. Huku kwetu tunaendelea kuhesabu visiki.

Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu barua zangu za kawaida ziligongwa muhuri wa "imepokelewa", zikaishia hapo. Usiku wa Jumatatu iliyopita lori mbili za makaa zimepita tena, magunia yamepangwa mpaka juu ya kichwa cha dereva, taa zimezimwa. Kulipokucha tukafuata alama za matairi hadi kwenye tanuri lililokuwa bado linafuka moshi. Pembeni yake, mjunju mkubwa wa kando ya mto wa mchanga, ule ambao Wakaramojong huuita ekorete, ulikuwa chini. Umekatwa kwa msumeno wa mashine, kisiki laini kana kwamba kimepigwa randa. Shina limechukuliwa, matawi ya miiba wametuachia. Mbuzi wangu wameyala majani yake, nadhani hiyo ndiyo fidia.

Mlipotutembelea, kijana mmoja wa ofisi yako alituambia tusiwe na wasiwasi, hivi ni vichaka tu, vitaota tena. Naomba umweleze, kwa heshima zote, kwamba hapa si Masaka. Wenzetu wa kusini wanapata mvua mara mbili kwa mwaka. Sisi tunangoja msimu mmoja, kuanzia Aprili hivi, na hata huo hukatika mtama ukiwa magotini. Baada ya hapo ni jua, upepo na vumbi mpaka Machi. Vichaka vingi hupukutisha majani, ukipita unadhani vimekufa, lakini mjunju hubaki na kijani chake. Ndiyo maana akina mama huchuma majani yake machanga wakayachemsha wakati ghala ni tupu. Mwaka 2022, njaa ilipoua watu Karamoja hii, ziko nyumba ambazo chunguni hamkuwa na kingine. Mti wa namna hiyo haurudi kwa mvua ya msimu mmoja, wala miwili. Mimi sitauona.

Na si watu peke yao. Digidigi anaishi humo humo vichakani, maji yake mengi huyapata kwenye majani, kwa hiyo ukifyeka kichaka umemfukuza na kumkatia maji kwa pamoja. Ukielekea Pian Upe, ile hifadhi ya wanyama, kwenye udongo mweusi, kuna migunga mifupi yenye vinundu vilivyotobolewa na sisimizi. Upepo ukivuma inapiga mluzi. Katika migunga hiyo anakaa ndege mdogo wa kijivu ambaye wataalamu walimpa jina la Karamoja yetu. Nje ya hapa anapatikana sehemu chache tu za Kenya na Tanzania. Vifaru tuliwamaliza Uganda nzima kufikia miaka ya 1980, na ilihitajika bunduki. Kwa huyu ndege panga linatosha.

Sasa nikukumbushe kidogo. Mei 2023 Rais alitoa Amri ya Utendaji Namba 3, biashara ya makaa ikapigwa marufuku huku kaskazini. Tulipiga vigelegele. Watu wako wakaja na spika, wakatuahidi kizuizi barabarani na miche ya miti. Miche ililetwa Januari, Mheshimiwa. Januari! Tena mikaratusi. Kizuizi nacho kilisimama wiki chache, kuanzia asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, kisha askari wanakwenda kulala na lori zinaamka.

Nani mwenye mali hiyo, sijui. Wengine wanasema ni mkubwa fulani, wengine wanasema ni wafanyabiashara wa mjini pamoja na vijana wetu wenyewe, ambao ng'ombe wao waliibwa wakabaki na shoka mkononi. Huenda ni wote. Hata mvua inavyozidi kuyumba, wasomi wanasema ni dunia nzima inabadilika. Sawa, lakini nao wakataji wana fungu lao.

Mimi ninachojua ni kwamba mizinga yangu ni mitupu, nyuki wamehama kwa moshi. Asali ndiyo ilikuwa karo ya binti yangu. Mbuzi sasa nawapeleka mbali, ng'ambo ya mlima, ambako mwanamke peke yake hatembei kwa amani.

Sikuombi miche. Sikuombi semina wala fulana. Mabati ndiyo kabisa, maana habari ya mabati ya Karamoja ya mwaka 2023, yaliyotengwa kwa ajili yetu yakaishia mikononi mwa wakubwa, tunaijua. Naomba kizuizi kile kile mlichoahidi, kiwekwe usiku. Askari wawili na tochi. Kama tatizo ni mafuta ya gari, waje kwa miguu, tutawapa pa kulala na uji wa mtama. Ila wawepo usiku, Mheshimiwa. Wenye makaa mchana hawapiti.

Wako katika kungoja,

Mama mfuga mbuzi na mrina asali,
Karamoja kusini